Siku ya 12: Kipofu Aliyeaminiwa na Alfajiri

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Poleni na baridi. Mlioamka kula daku leo mmeuona ukungu ulivyoshuka kutoka Mbizi. Hata taa ya jirani haikuonekana. Asubuhi kama hii hakuna anayetoka nje kutazama weupe wa alfajiri. Tunategemea simu, au ile ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa msikiti, au sauti ya muadhini. Tunamwamini tu, tunaweka kikombe chini.

Darsa ya leo ni kwa wenye watu chini yao. Usiseme, "Hilo la viongozi, mimi halinihusu." Mama mwenye nyumba anaongoza. Mweka hazina wa kikoba anaongoza. Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa zamu, msimamizi wa vibarua shambani, kaka mkubwa aliyeachiwa wadogo zake, wote hao. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya anaowachunga.

Sasa, siku hizi kuna neno tunalisikia sana, redioni na kwenye semina: geuza udhaifu wako uwe nguvu yako. Ni neno tamu. Lakini hebu tujiulize kama watu wazima tuliofunga: je, ni kweli? Udhaifu wa kiongozi unageuka kweli kuwa nguvu, au tunajifariji tu?

*Muadhini asiyeona*

Mnamjua Bilal (r.a.), kila mtoto wa madrasa anamjua. Lakini Mtume (s.a.w.) alikuwa na muadhini mwingine Madina, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), naye alikuwa kipofu. Huyu ndiye ambaye kwa ajili yake iliteremka mwanzo wa Surat Abasa. Alikuja kutaka kufundishwa wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, na Mtume akakunja uso. Mola akamwelekeza Mtume wake, na aya zile zikasomwa hadharani, na zinasomwa mpaka leo. Hazikufichwa. Tangu hapo Mtume alimtukuza sana mtu huyu, na zaidi ya mara moja alipotoka Madina kwa safari, alimwacha yeye kipofu awe mkubwa wa mji na kuwasalisha watu.

Lakini la kwetu leo ni la Ramadhani. Katika hadithi sahihi imekuja kwamba Bilal alikuwa akiadhini usiku, kabla ya alfajiri, na Mtume akawaambia watu waendelee kula na kunywa mpaka watakapomsikia Ibn Ummi Maktum. Na mpokezi anaongeza jambo dogo ambalo nimelisoma miaka mingi bila kulitilia maanani: mtu huyu alikuwa kipofu, basi alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha.

Ndugu yangu, tulia hapo kidogo. Kati ya kazi zote za Madina, kazi ya kutangaza alfajiri ndiyo inayohitaji macho kuliko zote. Ni kutofautisha mwanga na giza. Na saumu ya mji mzima inaning'inia hapo. Kazi hiyo akapewa asiyeona.

Na akaifanya vizuri. Kwa nini? Kwa sababu alijua haoni, na hakujifanya anaona. Hakusema, "Mimi muadhini wa siku nyingi, nahisi tu mwilini kwamba kumekucha." Alisubiri aambiwe. Mwenye macho mazuri anaweza kukosea alfajiri kwa kujiamini. Anachungulia mara moja dirishani, anaona weupe wa mwezi, anaadhini. Kipofu huyu hakuwa na njia ya mkato.

Na angalia: hakupona. Aliishi kipofu. Kwa hiyo nadhani lile neno la semina linahitaji kurekebishwa. Udhaifu wenyewe haugeuki kuwa nguvu. Upofu ni upofu. Kilichomsaidia ni mlango aliouacha wazi kwa sababu ya upofu wake: mtu wa kuja kumwambia kumekucha. Mlango ule ukiufunga, unabaki na upofu mtupu, na mji mzima unafuturu au kufunga kwa makosa yako.

Nabii Musa (a.s.) vilevile. Alipotumwa kwa Firauni hakusema, "Niko tayari, naweza." Tunasoma katika Surat Taha alivyomwomba Mola amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi, kisha akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi, na katika Surat al-Qasas akakiri wazi kwamba Harun ana ufasaha kuliko yeye. Mtume mkubwa namna hiyo, anataja kasoro yake na jina la mtu wa kuiziba, palepale, kabla ya safari kuanza.

*Ekari moja*

Sasa nitawaambia langu. Mama mwenye jambo amenipa ridhaa nisimulie, bila jina lake wala kijiji chake.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, nikiwa barazani navaa viatu, walinijia ndugu wawili. Kaka yao amefariki. Wakaniuliza: mjane fungu lake ni lipi, ana watoto wawili? Nikajibu huku nafunga kamba ya kiatu: mke akiwa na watoto, thumuni. Moja ya nane. Wakashukuru, wakaenda. Shamba lilikuwa ekari nane. Mjane akapewa ekari moja, wao wakagawana saba.

Ukasikika ni uadilifu, maana ni sheria ya Mwenyezi Mungu, na imamu kasema.

Msimu ukapita. Siku moja niko madrasa nafundisha mirathi ubaoni. Nimeandika: mke, robo kama mume hakuacha mtoto, thumuni kama ameacha. Binti mmoja wa miaka kumi na tatu hivi akanyoosha mkono. "Ustadhi, na watoto wa kufikia wanahesabiwa?" Nikamjibu vizuri kabisa, kwa sauti ya mwalimu: hapana, lazima wawe watoto wa marehemu mwenyewe. Kisha chaki ikanisimama mkononi. Nilikuwa nimekumbuka ile baraza. Nilisikia neno "watoto". Sikuuliza: watoto wa nani?

Nilipofuatilia nikakuta ni kama nilivyoogopa. Wale watoto wawili mama alikuja nao kutoka ndoa ya kwanza. Marehemu hakuacha mtoto, na wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Kwa hiyo haki ya mjane ilikuwa robo: ekari mbili. Hakuna aliyedanganya. Wale ndugu waliuliza walichouliza. Mimi ndiye niliyemnyang'anya mjane ekari moja, nikiwa nimeinama navaa viatu.

Ninyi wa Ufipa mnajua ekari moja ni nini. Ni chakula cha mwaka. Ni ada ya shule na sare.

Nilijiuliza usiku ule, udhaifu wangu hasa ni upi? Kutojua? Hapana, hukumu ile niliijua tangu utoto. Udhaifu wangu ni haraka, na chini ya haraka kuna kingine: ninaogopa kuonekana sijui. Nimesoma madrasa, nikasoma na ualimu, na kote kuwili nilizoea kwamba mwalimu akisimama mbele ya watu lazima awe na jibu. Mtu akiniuliza, mdomo unafunguka kabla ya akili. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Watu walisema, "Shehe wetu ukimuuliza tu, anajibu." Mimi nikafurahi. Huo ndio ulikuwa upofu wangu, na sikuwa na mtu wa kuniambia kumekucha, kwa sababu nilikuwa nimeshawazoesha watu kwamba naona kila kitu.

Nilimuuliza kwanza mzee mmoja anayenizidi elimu ya mirathi, akathibitisha. Kisha nikaenda kijijini. Mdogo wao alikubali. Mkubwa alinitazama, akasema neno ambalo sitalisahau: "Shehe, kwani hukumu ya Mungu inabadilika kila msimu?" Nikamwambia, "Hukumu haijabadilika, kaka. Mimi ndiye nilikosea." Hakukubali siku hiyo. Wala mara ya pili. Mara ya tatu alikubali, ekari ikarudi kwa mwenyewe.

Lakini mahindi ya msimu ule yalikuwa yameshavunwa na kuliwa. Nilimpelekea mama yule magunia mawili kutoka shambani kwangu. Hayakufikia alichokosa, na anajua, nami najua. Nawaambia hili ili mtu asifikiri kwamba nikikiri kosa basi kila kitu kinarudi. Kuna vinavyorudi na kuna visivyorudi.

*"Watatudharau"*

Najua mwenzangu mmoja anasoma hapa anasema moyoni: Shehe, haya ni ya kwenye vitabu. Huku kwetu kiongozi akionyesha udhaifu, amekwisha. Watampanda kichwani.

Sitakwambia kwamba haiwi. Ijumaa iliyofuata nilisimama msikitini nikasema nilikosea fatwa ya mirathi, na aliyewahi kupata jibu langu aje tulitazame upya. Wapo walioguna. Wapo waliosema nje, "Imamu gani huyu." Iliniuma. Lakini wiki ile ile walikuja watu wanne na majibu niliyowapa zamani. Watatu nilikuwa nimewajibu sawa. Wa nne sikuwa. Fikiria: kama ningelinda heshima yangu, yule wa nne angekufa na dhuluma yangu mkononi, na mimi ningekufa nayo shingoni.

Tazama pia historia ya nchi yetu. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kule Shinyanga na Mwanza, katika operesheni dhidi ya mauaji yaliyohusishwa na uchawi, watu waliokamatwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuamuru apigwe. Alikuwa mbali. Angeweza kusema sikujua, na ingekuwa kweli. Alijiuzulu. Maana kiongozi haoni kila chumba, lakini chumba asichokiona bado ni chake.

Wengi wakati ule wangeweza kudhani habari yake imeishia hapo. Akapelekwa ubalozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, akiwa na miaka 98, watu walilitaja jambo lile la 1977 kama moja ya heshima zake. Lakini tahadhari, ndugu yangu: usikiri kosa ili upande cheo. Huo ni ujanja mwingine tu umevaa kanzu. Mtu anayejiuzulu akihesabu atarudi lini hajaacha kitu. Kiri kwa sababu kuna mtu umemdhulumu na anasubiri.

*Udhaifu wa aina tatu*

Ili tusichanganye mambo, tutenganishe.

Kuna udhaifu ambao ni mpaka wa uwezo wako. Huoni vizuri, husikii, huna ufasaha, hesabu zinakupiga chenga, unasahau majina ya watu. Huo si dhambi. Dawa yake ni Harun: tafuta anayeweza unachoshindwa, na umpe nafasi ya kweli, si ya kupamba kikao. Mimi leo sijibu swali la mirathi peke yangu. Tunaandika majina ya warithi wote kwenye daftari, tunakaa watatu, na mmoja wao ni ukhti anayefundisha watoto wetu hesabu. Mara mbili ameshanirudisha nyuma, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Kuna udhaifu ambao ni maasi. Mikono mirefu kwenye fedha ya watu, hasira ya kupiga, upendeleo wa ndugu, uongo. Huu usiniletee lugha ya kuugeuza kuwa nguvu. Mweka hazina aliyekula pesa ya kikoba hana "changamoto". Ana deni. Huo unaachwa, unatubiwa, na haki inarudishwa kwa mwenyewe. Na hapa tuelewane: dhambi iliyo baina yako na Mola wako, Allah amekusitiri, nawe jisitiri, usiitangaze kwenye kundi la simu ukidhani ndiyo uwazi. Lakini kosa lililomgusa mtu, huyo aliyeguswa lazima asikie kutoka kwako.

Na wa tatu ni udhaifu unaokwambia: kazi hii si yako. Abu Dharr (r.a.) aliomba kupewa uongozi. Mtume (s.a.w.) alimpiga begani kwa upendo, akamweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatimiza yaliyo juu yake. Abu Dharr! Mmoja wa watu wa mwanzo kusilimu, mkweli wa kauli asiye na mfano. Hakushuka thamani kwa kuambiwa hivyo. Alibaki Abu Dharr. Ndugu yangu unayesukumwa ugombee, au dada unayebembelezwa uchukue kiti, kama unajijua, kusema "hili siliwezi, mpeni fulani" nako ni uongozi. Huenda ndiyo siku utakayokuwa umewaongoza watu vizuri kuliko zote.

*Nyasi za wazee wetu*

Nimalizie na jambo la hapa hapa nyumbani. Uwanda wetu wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Hakuna misitu mikubwa ya kukata na kuchoma ili upate majivu ya kurutubisha shamba. Nyasi ndiyo adui, zinakula nguvu ya ardhi. Wazee wa Kifipa walifanyaje? Mvua zikielekea mwisho, mkulima alikata nyasi pamoja na udongo wake, akazigeuza juu chini, akazirundika matuta, yale tunayoyaita ntumba. Juu akapanda maharage. Ndani, nyasi zikaoza taratibu. Msimu uliofuata tuta likatawanywa shambani, na kile kilichokuwa adui kikalisha ulezi.

Ukiziacha nyasi zimesimama kwa kuona aibu kuzigusa, zinakula shamba. Ukizichoma siku moja kwa moto mkubwa, watu watashangilia, na mvua ya kwanza itachukua majivu. Kukiri kwa kelele siku moja kisha kurudi palepale ni huko. Mzee wa Kifipa alishika jembe, akainama, akageuza kipande kwa kipande, kisha akasubiri msimu mzima. Na mwaka uliofuata nyasi ziliota tena, naye akainama tena.

Mimi bado nina haraka. Juzi tu nilifungua mdomo kabla mtu hajamaliza kuuliza. Daftari likaniokoa.

*Kazi ya leo*

Kabla ya kufuturu, mtafute mtu mmoja unayemwongoza: mke, mume, mtoto mkubwa, mfanyakazi wako, mwanachama wa kikundi chenu. Muulize: "Kuna jambo gani nalikosea, na unaogopa kuniambia?" Kisha nyamaza. Usijitetee, usieleze sababu. Funga mdomo kama ulivyoufunga kwa chakula. Sikiliza mpaka mwisho, useme, "Nimesikia, Allah akulipe."

Nawe utakayeulizwa, sema kwa adabu, sema ukweli, na sema faraghani. Aliyekwenda kumwambia Ibn Ummi Maktum kwamba kumekucha hakwenda kumcheka kwa upofu wake. Alikwenda kwa sababu saumu ya wote ilikuwa moja.

Ee Mola wetu, tuonyeshe aibu zetu kabla hazijawadhuru waja wako. Tupe wa kutuambia kumekucha, na utupe masikio ya kuwasikia. Tulichowadhulumu watu bila kujua, utujulishe tungali hai tuweze kukirudisha. Wajane na mayatima wa mkoa wetu uwalinde kwa ulinzi wako. Zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Swali la mirathi? Njoo baada ya Alasiri, njoo na karatasi ya majina ya warithi wote. Nami nitakuwa nimeketi, viatu nimeshavua.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ikikufaa, mtumie mwenzio.